Kombe Lisiloandikwa

Kabla jua halijachomoza Likoni, Khairiya alikuwa ameshajaza pipa la maji, amewasha jiko la makaa na kuinjika sufuria ya maji ya kumkandia mamake. Mamake, Bi Sheikha, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwa desturi alikaa ndani mpaka atimize arobaini, haruhusiwi kuinua hata kata ya maji. Kazi zote za nyumba zikamwangukia binti huyu wa darasa la nane. Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya uhuru, na watu wazima walizungumza mambo makubwa barazani, lakini Khairiya hakuwa na nafasi ya kusikiliza.

Wageni waliokuja kumtazama mzazi walimsifu mpaka akavimba kichwa. "Huyu ni mwanamke kamili! Tazama nyumba inavyometameta!" Basi akaona haya kusema amechoka. Nyevu, jirani yake na mwenzake wa darasani, alikuja kila jioni akauliza, "Nikusaidie vyombo?" Jibu lilikuwa lilelile: "Ah, nishamaliza." Kumbe nyuma ya mlango masufuria yamejipanga na masizi yake, yanamngoja.

Kwanza hamu ya kula ilimtoka. Kisha usingizi ukamruka, akawa analala macho yakiwa kwenye makuti ya paa, akiwaza maji, nepi, mchele na hesabu. Darasani alisoma sentensi moja tena na tena, nayo isimwingie. Mtihani ulikuwa unakaribia, na ndio ungeamua kama ataendelea na masomo au ataishia jikoni. Angemwambia nani? Mzazi hasumbuliwi. Babake, Mzee Jamaludin, alivuka feri kila asubuhi kwenda dukani kwake, akarudi jioni hoi. Khairiya alijiona hana pa kuegemea, akanyamaza.

Jumapili moja alikuwa akiosha mchele. Ghafla alisimama tu, mikono imo majini, asijue alitaka kufanya nini. Mchuzi ukaungua jikoni. Mamake akamwita, asijibu. Machozi yalimtiririka bila kwikwi.

"Yarabi! Mwanangu katiwa jicho!" Bi Sheikha alilia kutoka kitandani. "Wale wageni walimsifu, na hakuna hata mmoja aliyesema mashallah kumkinga na husuda!"

Dawa ya jicho ilijulikana: kombe. Maneno ya Kurani huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, yakaoshwa kwa marashi, mgonjwa akayanywa. Mzee Jamaludin, ambaye siku hiyo hakwenda dukani, akaenda mbio kumwita Bi Ruwaida, mwalimu wa chuo cha Kurani. Na nani aliyeambiwa aoshe sahani, awashe chetezo cha ubani na apike kahawa ya mgeni? Mgonjwa mwenyewe! Wala hakuna aliyeona ajabu.

"Shikamoo, mwalimu," Khairiya alisema akimpa sahani.

"Marahaba, mwanangu." Bi Ruwaida alichovya kalamu, kisha akaiona mikono ya binti, ilivyopasuka kwa sabuni na majivu. "Hebu niambie, tangu alfajiri umefanya nini?"

Khairiya akaanza kutaja. Maji. Jiko. Maji ya kumkanda mama. Uji. Nepi. Kufagia. Maji tena. Kahawa hii. Hapo akaketi sakafuni. "Siwezi tena, mwalimu. Wallahi siwezi! Na mtihani nitaanguka."

Bi Ruwaida aliweka kalamu chini. "Siandiki."

"Na hilo jicho?" aliuliza Mzee Jamaludin.

"Jicho lipo, sikatai. Lakini huyu kachoka. Chukua madebe, Jamaludin, ukateke maji."

Tajiri mzima na kanzu yake nyeupe akapanga foleni bombani kati ya wanawake. Walimcheka, tena kwa sauti. Alirudi anahema, kanzu imelowa, nusu ya maji imemwagika njiani. Aliyamimina pipani, akachungulia. Maji hayakufika hata kimo cha kiganja.

"Huenda mara ngapi?" aliuliza.

"Mpaka lijae, baba."

Mzee Jamaludin alishika ukingo wa pipa, akainama. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani hujaa lenyewe tu."

Siku hiyohiyo alitafuta mchukuzi wa kuleta maji kwa mkokoteni. Nyevu aliitwa akaja kuosha vyombo, na safari hii alifunguliwa mlango. Bi Sheikha alifungua chandarua chake, akasema, "Njoo ulale hapa kwangu." Khairiya alilala pembeni ya mtoto mchanga mpaka magharibi, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Nguvu hazikurudi mara moja. Kwa siku kadhaa aliendelea kushtuka usingizini akidhani pipa ni tupu. Polepole chakula kikampendeza, na hesabu zikaanza kumwingia. Aliufanya mtihani akiwa na akili zake timamu, naye akafaulu.

Bi Ruwaida alipokuja kumpongeza, aliwakuta wote sebuleni.

"Nyinyi wazazi," alisema, "mtoto akisifiwa kwa kazi, mtazameni na uso wake. Nawe, Khairiya, kazi za nyumba ni njema, lakini mwili wataka kulala, kula na kucheza, na mzigo wataka kusaidiana. Usingoje machozi yakusemee. Siku ukishindwa, sema neno 'nimeshindwa' mapema, wakati bado una nguvu ya kulitamka."