Kinywa cha Mkalimani

Nilikuwa nimesahau kinasa sauti. Ni hilo tu lililonirudisha kwa yule bibi jua likizama.

Bibi huyo alikuwa mkalimani wa ile mahakama maalumu ya zamani, mahakama ya wanajeshi iliyosikiliza kesi milango ikiwa imefungwa. Mimi nilikuwa naandika tasnifu ya udaktari kuhusu namna serikali za mabavu zinavyotumia sheria kuwamaliza watu wake. Angalau hivyo ndivyo nilivyomwambia msimamizi wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtafuta baba. Mahakama hiyo ilimhukumu nikiwa bado nanyonya kidole, akanyongwa, na kaburi hatukuonyeshwa. Hukumu ilisema alikiri. Nilitaka kujua siku ile alisema nini hasa. Msimamizi alinionya kwamba tasnifu haiandikwi kwa machozi. Nikamjibu kwamba sina machozi, nina maswali.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nakwenda kwa bibi asubuhi, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani la watumishi wa serikali. Alikuwa mcheshi. Alinitania kwamba sisi wasomi swali letu huwa refu kuliko jibu. Lakini alasiri ikikaribia alibadilika. Alinikusanyia vitu vyangu mwenyewe, akanisindikiza hadi mlangoni.

"Nenda, mwanangu. Jioni nina wageni."

Wageni gani? Kwenye sinia lake kulikuwa na kikombe kimoja tu, siku zote.

Asubuhi ya siku hiyo ndiyo alinipa siri ya kazi yake. Washitakiwa wengi, baba akiwa mmoja wao, walitoka milimani, na majaji hawakuijua lugha ya huko. Kila neno lilipita kwake.

"Mkalimani hasemi 'huyu anasema hakuwepo'," alinieleza. "Unasema 'mimi sikuwepo'. Unamwazima mtu kinywa chako."

"Na ulisema walichosema?"



"Mwanzoni, ndiyo. Halafu mwendesha mashtaka akaniita pembeni. Nilikuwa na watoto, mwanangu. Wakisema hapana, mimi nikasema ndiyo."

"Na baba yangu, Bibi? Yeye alisema nini?"

Akainamisha macho. Akaanza kunyoosha upindo wa gauni lake kwa vidole, polepole, ingawa haukuwa umejikunja.

"Alikiri," akasema.

Nilijua kuna kitu ananificha. Nilipandwa na hasira, nikatoka bila kuaga, na kinasa sauti nikakiacha mezani.

Basi jioni hiyo nikawa napanda ngazi zake. Taa za ngazini zilikuwa zimeungua zamani. Nilipofika juu, harufu ikanipokea... nta ya sakafu, ile ya ofisi za serikali, na chini yake jasho la watu waliofungiwa pamoja bila maji ya kuoga.

Ndani, viti vililia. Miguu iliburuzwa. Mwanamume akakohoa.

Nikajiambia, kumbe wageni wapo kweli, nami nilikuwa namdhania bibi wa watu ana uchizi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikausukuma.

"Hodi, Bibi..."

Alikuwa peke yake.

Alikaa wima katikati ya chumba, mikono magotini, macho wazi bila kupepesa. Kinywa chake kilikuwa kinasema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana wa kiume, inayokatika kwa hofu.

Ikanyamaza. Kiti kimoja ukutani kikalia, kama mtu amekaa. Cha pili yake kikalia, kama mtu amesimama. Kinywa kikaanza tena, safari hii kwa sauti ya mzee mwenye kifua kibovu.

Walisema lugha ya milimani. Mama alikataa katakata kunifundisha lugha hiyo. Alisema mmoja aliyekufa kwa ajili ya lugha hiyo anatosha. Mimi nilijua maneno ya kuokoteza tu: mimi, maji, hapana. Na hilo la mwisho nililisikia kwa kila aliyesimama.

Hapana. Hapana. Hapana...

Nilitaka kukimbia. Nikakumbuka kilichonileta. Mezani, taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa inawaka, na sikuwa mimi niliyekiwasha.

Halafu viti vyote vikalia kwa pamoja.

Ikatoka sauti nyingine, nzito na ya upole. Katikati ya maneno nisiyoyaelewa nikasikia moja ninaloelewa.

"Kidole."

Hilo ndilo jina aliloniita baba kwa kile kidole nilichonyonya, kitu pekee ninachokumbuka kwake. Tangu anyongwe, nyumbani kwetu hakuna aliyelitamka tena.

Nikapiga magoti. "Baba?"

Sauti ikasema sentensi moja. Nami nikafanya kosa ambalo asiye mtafiti asingelifanya. Kwetu watafiti ni mazoea: mhojiwa akisema jambo zito, unalirudia polepole mbele yake ili athibitishe kwamba umelipata. Nikairudia sentensi ile neno kwa neno, kama ilivyotoka, bila kujua maana yake. Neno la kwanza tu nililijua.

Mimi...

Baridi ikaniteremka kooni, ikakaa.

Mabega ya bibi yakalegea. Akapepesa macho, akaniona, akaanza kulia.

"Nisamehe, mwanangu," akanong'ona kwa sauti yake mwenyewe. "Wanataka kinywa ambacho hakijawadanganya."

"Amesema nini? Bibi! Baba amesema nini?"

Alifumbua mdomo. Haikutoka hata pumzi ya neno. Alizikwa wiki hiyohiyo bila kuongea tena, na watoto wake wakasema uso wake ulionekana umepumzika.

Kwenye kinasa sauti hakuna kitu ila viti vinavyolia. Msimamizi anadai ushahidi, nami sijui tanbihi nitaiandikaje. Marehemu, mahojiano ya ana kwa ana?

Sasa jioni sitoki. Jua likizama, koo linapata baridi na wanaanza kuja. Jioni ya kwanza mama alidondosha sufuria, akapiga kelele. Siku hizi anaoga mapema, anavaa gauni lake zuri, anaweka kiti mbele yangu.

"Kaa, mwanangu," ananiambia. "Jua linazama."

Wengine wakija anasubiri tu wamalize, kama mtu aliye kwenye foleni. Akija baba, anacheka, analia, anamjibu kwa lugha ileile aliyoninyima. Nimemwomba anifundishe. Anasema nimechelewa. Namwonea wivu mama yangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemtafuta baba, na maneno yake yanapita kinywani mwangu kama maji kwenye bomba.

Jambo moja linaninyima usingizi. Wenzake wote wanasema hapana. Baba hajalisema neno hilo hata mara moja. Na akianza yeye kusema, viti vyote vya nyumba yetu vinalia kwa pamoja, kama watu wanaosimama kwa hasira.

Jana alisema maneno mengi. Mama hakucheka. Alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameshika shavu, na koo langu lilipopata joto nikamshika mkono.

"Amesema nini, Mama?"

"Anasema hakukubali kitu," akajibu. "Hakumtaja mtu yeyote. Anasema anakupenda sana."

Sikuwa nimemuuliza kama alimtaja mtu.

Mama aliinamisha macho. Vidole vyake vilikuwa vinanyoosha upindo wa gauni, polepole, ingawa haukuwa umejikunja.