Aliyeshika Ncha ya Tepu

Asubuhi ile Kristiana alikunywa uji wa ulezi akiwa amesimama, kama kawaida yake, huku akilalamikia baridi. Ulikuwa mwezi wa nane, na upepo wa Ufipa mwezi huo hauna adabu. Unaingia hadi chini ya blanketi.

Kristiana ni binti wa marehemu dada yangu. Alikuwa mwaka wa tatu wa sheria, na likizo ile ndefu chuo kilimleta Sumbawanga kwa mafunzo ya vitendo, kwenye ofisi ya serikali inayosikiliza migogoro ya ardhi. Alifikia kwangu. Wenzake chuoni walimcheka sana alipopangiwa mji wetu.

"Mama mdogo, waliniambia nirudi kwa ungo, nisisumbuke na basi."

"Waambie ungo wetu ni wa kupepetea ulezi," nikamjibu. Tukacheka, akaondoka.

Yaliyotokea siku ile alinisimulia mwenyewe jioni, na nikamwomba anirudie pole pole. Mwisho wake niliuona kwa macho yangu.

Yeye na watu wa ofisi, pamoja na Mwenyekiti anayeamua kesi hizo, walikwenda kukagua shamba upande wa Kasense. Mlalamikaji alikuwa mjane aitwaye Fransiska. Mumewe, Valerian, alianguka shambani akilima mwaka juzi, akazikwa kesho yake. Mazishi yote aliyasimamia mdogo wa marehemu, Cleophas, na jeneza halikufunguliwa. Baada ya hapo Cleophas akadai kwamba nusu ya shamba, ile ya nyuma ya kilima, ilikuwa yake tangu zamani. Fransiska alisema hapana, mpaka uko mbali kule nyuma, kwenye jiwe ambalo Valerian alilichonga msalaba. Lakini jiwe halikuonekana tena. Bila jiwe, mama huyo na watoto wake wangebaki na kipande kisichoweza kuwalisha hadi Krismasi.

Majirani walikuwa na maneno yao. Cleophas hakuwahi kuonekana na kibarua, wala yeye mwenyewe na jembe, lakini matuta yake yalizidi kuongezeka. Watu walinong'ona kwamba Valerian hakufa. Kwamba kilichozikwa kilikuwa mgomba, na mwenyewe amechukuliwa msukule. Amekatwa ulimi, analimishwa asionekane, analishwa pumba.

"Sasa hilo mtalisikilizaje ofisini?" karani wa ofisi, Evaristi, alimtania Kristiana njiani. "Kuna kifungu cha pumba huko chuoni kwenu, mwanasheria?"

"Hakuna, kaka Evaristi. Wewe shika tepu yako."

Walipofika, Mwenyekiti aliagiza wapime eneo lote analolima Cleophas. Kristiana alisimama barabarani na kasha la tepu. Evaristi alichukua ncha yenye pete, akaanza kupandisha kilima. Upepo ukainua vumbi. Kristiana akafumba macho, akasikia tu tepu ikichomoka kwenye kasha, ikikimbia. Ilipita juu ya kilima, ikasimama. Ikavutwa mara mbili, kama walivyokubaliana. Akasoma namba kwa sauti, Mwenyekiti akaandika.

Evaristi akatokea nyuma ya gari, akifunga zipu.

"Samahani, bosi. Baridi hii inabana sana. Tuanze sasa?"

Mwenyekiti alimtazama. "Tuanze nini? Si umeshapima?"

"Mimi? Niliweka ncha pale kwenye kisiki nikarudi. Sijapanda hata nusu."

Kristiana aliangalia mikono yake. Tepu ilikuwa imekaza. Ilikuwa imekaza sana, kama kamba ya mbuzi anayevuta.

Akahesabu watu kwa macho. Mwenyekiti. Evaristi. Dereva. Fransiska. Cleophas na kofia yake ya pama. Wote walikuwa upande huu.

"Nani ameshika kule?" Mwenyekiti akauliza.

"Ni upepo," Cleophas akajibu haraka. "Au imenasa. Ikateni tu, tuondoke, mzee. Mimi nitailipa."

Fransiska alianza kutembea akiifuata tepu, kiganja chake kikiteleza juu yake. Kristiana akamwachia Evaristi kasha na kumfuata, kwa sababu hakuona vizuri mama yule aende peke yake.

Nyuma ya kilima hapakuwa na mtu.

Palikuwa na matuta. Matuta ya mviringo, yamepangwa vizuri, mapya. Udongo wake ulikuwa mweusi na wenye maji. Mwezi wa nane, wakati ardhi yetu ni ngumu kama tofali na hakuna mkulima anayegusa jembe.

Tepu iliingia kwenye shimo dogo lililofukuliwa muda huo huo. Ndani ya shimo kulikuwa na jiwe, na juu ya jiwe msalaba. Pete ya tepu ilikuwa imewekwa katikati ya msalaba. Haikuwa imefungwa na kitu. Walipoikaribia, ikalegea.

Fransiska alipiga magoti. Hakuangalia jiwe. Aliangalia pembeni yake, kwenye udongo laini. Palikuwa na nyayo za mtu mmoja, peku. Zilikuja hadi kwenye jiwe. Hazikuondoka.

"Mguu wa kushoto," alinong'ona. "Kidole cha mwisho hakipo. Shoka lilimkata mwaka alionioa."

Kristiana alihesabu vidole. Vinne.

Nyuma yao Cleophas alikuwa anapanda kilima, akihema. "Mmeona nini huko? Eh? Mmeona nini?"

Fransiska alimshika Kristiana kifundo cha mguu.

"Mwanangu, sema jiwe tu. Cleophas akijua kwamba mume wangu amejionyesha, atamhamisha. Sitamwona tena."

Hapakuwa na muda wa kufikiri. Kristiana alivua viatu, kwa sababu soli zake zilikuwa ngumu na zingeacha alama mpya. Akakanyaga. Akazisugua zile nyayo kwa miguu yake mitupu, moja baada ya nyingine, hadi udongo ukawa sawa. Ule wa kushoto ulikuwa wa mwisho. Aliniambia ulikuwa wa moto.

"Tumeona jiwe," Kristiana akasema, Cleophas alipofika. "Jiwe la mpaka."

Cleophas hakuliangalia jiwe. Aliiangalia miguu ya Kristiana yenye tope.

Hukumu ilitolewa kabla likizo haijaisha. Shamba lote lilirudi kwa Fransiska, pamoja na matuta. Nasikia kila jioni anapeleka ugali wa ulezi pale kwenye jiwe, na asubuhi bakuli linakuwa tupu, limeinamishwa. Yeye hasemi kitu, na watu wameacha kumwuliza.

Siku ya kuondoka, Kristiana alioga alfajiri bafuni uani, akaingia ndani akikimbia baridi, akavaa, nikamsindikiza stendi. Niliporudi jua lilikuwa limeshaingia mlangoni. Ndipo nilipoona sakafuni alama za miguu yake. Zote zilikuwa zimekauka kwenye saruji, isipokuwa moja. Mguu wa kushoto. Nikainama niifute, nikaona vidole vinne.

Kristiana ana vidole vyake vyote. Nimemwogesha tangu mtoto.

"Hodi, Mwalimu. Shikamoo."

Alikuwa Cleophas, niliyekuwa nimemwona siku ya hukumu, amesimama kizingitini, kofia mkononi. Sikumbuki kuwahi kumwelekeza kwangu.

Nilifundisha darasa la kwanza maisha yangu yote. Mtoto anayeficha kitu chini husimama juu yake. Mimi nami nikavuta hatua moja, nikasimama juu ya ile alama.

"Marahaba. Karibu."

"Sikai. Nilipita tu kumsalimia yule binti yenu. Ameshaondoka?"

"Ameshaondoka."

"Salama?"

"Salama."

Muda wote huo hakuniangalia usoni. Macho yake yalizunguka sakafuni, pole pole, kama mtu aliyeangusha sindano. Yalipita mlangoni. Yalipita chini ya meza. Yakaja yakasimama kwenye miguu yangu.

"Sakafu yako inachelewa kukauka, Mwalimu," akasema. Akavaa kofia, akaenda zake.

Nilimpigia Kristiana simu. Yuko salama, anasoma, anacheka. Nilimwomba ahesabu vidole vyake akadhani natania. Alivihesabu. Vimetimia.

Ile alama nimeifunika kwa mkeka. Nimeisugua kwa sabuni, nimeimwagia majivu, na bado mkeka unalowa mahali pale pale. Asubuhi nikiuinua, huwa nakuta punje chache za pumba, safi, zimetawanyika kuzunguka vile vidole vinne.

Mimi sinunui pumba. Hata kuku sifugi.