Kadi ya Njano Kwenye Kona ya Picha

"Madam, eti wewe ni chizi?"

Aliyeuliza ni mtoto wa darasa la tatu, dawati la mbele, kidole juu, kwa adabu zote kama nilivyowafundisha.

Nilikuwa nimeandika tarehe tu ubaoni. Chaki ikanikatikia mkononi.

Mmoja wa nyuma akacheka. Kisha wote!

"Nani kakuambia hivyo?"

"Mama. Uko kwenye simu yake. Umekaa kwa machizi."

Ndugu zangu, nilimaliza kipindi kile nimeegemea meza.

Ofisini walimu wenzangu waliokuwa wakipiga soga waliponiona tu wakaanza kukoroga chai. Chai ambayo hata sukari haikuwa nayo!

Mwalimu mkuu akanisogezea simu.

"Huyu ni wewe?"

Nilikuwa mimi. Nimekaa kwenye benchi la kituo cha afya, kichwa chini, mikono katikati ya magoti. Nyuma yangu mlango wa chumba namba tisa, na maneno yaliyopakwa rangi ya bluu: HUDUMA YA AFYA YA AKILI KWA VIJANA.

Picha ilikuwa kwenye kundi la wazazi wa shule nzima. Chini yake imeandikwa: "Nimetumiwa na mtu mwenye uchungu na watoto. Huyu ndiye anayewafundisha wetu. Tukae kimya?"

Mwandishi: mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Shuleni tunamwita Mama Kipaza, kwa sababu hajawahi kuhitaji kipaza sauti.

"Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo," mwalimu mkuu akasema bila kunitazama. "Wazazi wataamua kama mkataba wako unaendelea."

"Na wewe, Mwalimu, unasemaje?"

"Mimi... nasubiri wazazi."

Haya. Ngoja niwaambie kwa nini nilikuwa pale.

Nilimaliza chuo na kupata kazi niliyoililia tangu nikiwa mdogo. Nikafundisha miezi miwili kwa raha. Mwezi wa tatu moyo ukaanza kunienda mbio bila sababu. Siku moja katikati ya hesabu za kutoa pumzi ikanikata, nikakimbilia stoo ya mafagio, nikajifungia. Dada yangu ndiye aliyekuja kunitoa.

Hakunipeleka kwa mganga wala hakunifokea. Alinipeleka kituo cha afya cha serikali. Huduma ni bure, Jumatano tu, saa nane mchana, kwa vijana hadi miaka ishirini na minne. Mshauri ni mmoja kwa mitaa yetu yote! Lakini mtu yule anasikiliza, jamani. Alinifundisha kitu kidogo sana:

"Ukianza kutetemeka, hesabu vitu vitano unavyoviona. Usikimbie. Hesabu."

Na pale hamna anayeitwa kwa jina. Kila mgonjwa wa chumba namba tisa ana kadi ya njano yenye namba yake, hiyo hiyo kila akija. Mimi ni ishirini na moja. Wa presha, upande wa pili wa korido, wana vikaratasi vyeupe.

Kumbukeni hiyo kadi.

Nilipofika nyumbani nilimwonyesha dada ile picha. Alilia. Mimi sikulia. Niliivuta picha kwa vidole, kubwa, kubwa zaidi, nikitafuta hata kivuli cha aliyenipiga.

Na kwenye kona ya chini, kushoto... kipande cha njano!

Kadi. Imeshikwa na mkono wa mpiga picha, ule usioshika simu. Namba 14.

"Dada! Ni mgonjwa mwenzangu!"

"Una uhakika?"

"Watu wote wameangalia uso wangu. Hakuna aliyeangalia kona."

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka jiwe. Mtu baki akinicheka, nitameza. Lakini mtu tuliyekaa naye benchi moja, anayejua uzito wa kuvuka lile geti... aniuze?

"Mdogo wangu, iache."

"Siiachi!"

"Utafanya nini sasa?"

"Nitampiga picha na mimi. Uso mzima. Nimwage kila mahali!"

Usinione mpole, ndugu msomaji. Niliandika mpaka maneno ya kuweka chini ya picha yake. Niliyafuta mara nne, natafuta yanayouma zaidi.

Jumatano nilifika mapema, nikamfuata sista wa mapokezi.

"Sista, kumi na nne ni nani?"

"Kumi na nne ni kumi na nne."

"Amenidhalilisha, Sista! Kazi yangu inakwenda!"

Akaniwekea mkono begani. "Pole, mama. Lakini akija mtu kuniuliza ishirini na moja ni nani, nitamjibu hivi hivi. Nenda kakae."

Nikaenda kukaa. Simu nikaitegesha juu ya pochi, kamera inarekodi, inatazama mlango.

Wakaitwa tisa. Thelathini. Sita.

"Kumi na nne!"

Akainuka binti wa kama miaka kumi na sita, sare ya sekondari. Pembeni yake mwanamke amejitanda mtandio mpaka puani, miwani myeusi kama anakwenda kuchomelea vyuma. Binti akaangusha kadi.

"Okota upesi, twende!"

Ndugu zangu... sauti ile!

Sauti ile ningeijua hata chini ya maji. MAMA KIPAZA!

Binti yake nilimfahamu kwa sura. Ndiye anayekuja kumchukua mdogo wake darasani kwangu. Lakini siku ile sikumtazama. Nilikuwa namtazama mama tu. Eti ametumiwa! Kumbe kakaa hapa hapa, kadi ya mwanawe mkononi, akanilenga na simu yake, akaenda kunitangaza chizi!

Nilitoka pale natabasamu. Mshauri aliniuliza nina furaha gani, nikamwambia nimepata dawa.

Jumamosi ikafika.

Darasa langu ndilo lililotumika. Wazazi wamebanana kwenye vidawati vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mama Kipaza amesimama mahali pangu, mbele ya ubao.

"Wazazi wenzangu! Sina ubaya na mtu! Lakini mwalimu anayetibiwa kichwa, leo akimpiga mtoto na kiti, tutamlaumu nani?"

"Kweli!"

"Aende akapone kwanza!"

Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Picha yenyewe ilitoka wapi?"

"Nilitumiwa!"

Nikasimama.

"Mimi najua aliyeipiga," nikasema. "Na nina video yake, akiwa kwenye benchi lile lile."

Mlipuko! "Tuonyeshe! Tuonyeshe!"

Mama Kipaza alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu. Mkono wake ulikwenda usoni kutafuta miwani ambayo siku hiyo hakuivaa.

Wapendwa, sijawahi kuonja utamu kama ule. Nilitamani muda usimame ili niendelee kumtazama.

Nikafungua simu. Na mikono ikaanza kutetemeka... pumzi ikaanza kukata, mbele ya watu wale wote!

Hesabu. Usikimbie. Hesabu.

Ubao. Ndoo ya maji. Ramani iliyochanika. Mama Kipaza.

Cha tano kilikuwa kioo cha simu yangu.

Video nilikuwa nimeikata ianzie pale binti anapoinuka, na hapo ndipo ilipokuwa imesimama. Na binti alikuwa ananitazama mimi. Ameinua mkono usawa wa kiuno, vidole vitatu, ananipungia kwa siri. Anatabasamu.

Siku ile sikuona! Nilikuwa namwinda mama, na mtoto ananisalimia.

"Madam, mbona kimya? Video!"

Dole gumba langu lilikuwa juu ya kitufe. Kubonyeza tu...

"Nimekosea," nikasema. "Sina video."

Walicheka mpaka vidawati vikalia. Mtu akasema, "Si mnaona wenyewe? Hata anachosema hakijui!" Wakanyoosha mikono. Mkataba ukafa pale pale. Mwalimu mkuu alikuwa anasubiri wazazi, basi wazazi walifika.

Nilikuwa karibu na geti niliposikia viatu vinanifuata.

"Madam... video gani ile?"

Sauti ndogo. Kumbe anayo na ndogo!

Sikumjibu. Nilimwekea simu mbele ya macho, akaangalia mwanzo hadi mwisho. Nilihakikisha anaangalia mpaka mwisho.

"Nakuomba," akasema. "Huyu ni mwanangu..."

"Na mimi ni mwana wa mtu."

Nikaifuta mbele yake. "Sijaifuta kwa ajili yako. Sasa rudi ndani ukawaambie picha ilitoka wapi."

Alijifuta uso, akarekebisha mtandio, akarudi. Nilisubiri pale getini, ndugu zangu, kama mjinga. Nikasikia kipaza kimewaka tena:

"Haya wazazi, ajenda ya pili! Madawati!"

Usiku ule nilijuta kila kitu. Nilijuta kufuta video, nikajuta hata kumhurumia yule mtoto. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kliniki kwa sababu dada alinisukuma mpaka mlangoni. Nikakaa. Mtu akaja akakaa karibu yangu kabisa.

Kumi na Nne. Peke yake.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba."

"Madam... ile picha nilipiga mimi."

Nikageuka taratibu.

"Wewe?"

"Mimi. Siku ile mama hakuwepo, nilikuja mwenyewe. Nilikuwa nataka kukimbia. Nikakuona umekaa." Akanipa simu yake. "Soma. Hii ndiyo niliyomtumia."

Picha ile ile. Lakini chini yake kulikuwa na maneno ambayo wazazi hawakuyaona:

"Mama ona, hata Madam wa mdogo wangu anakuja huku! Kumbe huku si kwa machizi. Basi sitalia tena Jumatano, usiogope."

Nikasoma mara mbili. Mara ya tatu herufi zilikuwa zinaogelea.

Mtoto alinipiga picha kwa sababu niliMPA MOYO! Mama yake akayakata yale maneno, akabaki na uso wangu. Mtaani palikuwa na mnong'ono kwamba kuna mtoto wa mtu fulani anaonekana chumba namba tisa. Akaona bora wapate wa kumtafuna, mradi si wake.

"Sikujua aliituma," binti akasema. "Mdogo wangu ndiye aliyekuja nyumbani analia, Madam amefukuzwa kwa picha. Nikamuuliza, picha gani?"

"Sikulaumu, mwanangu."

"Ngoja kwanza. Leo asubuhi mama akiwa anaoga, nilichukua simu yake. Nimetuma kwenye kundi. Ujumbe wangu wote, picha na maneno niliyoandika. Chini nimeandika jina langu na namba ya kadi yangu."

"Umefanya nini?! Watakucheka!"

"Wewe wamekucheka, Madam. Na leo si umekuja?"



Akanionyesha kwenye simu yake picha za kundi, alizotumiwa na rafiki ambaye mama yake yumo. Dakika kumi na moja zilipita. Halafu baba mmoja, yule yule aliyepiga kelele niende nikapone, akaandika: "Kijana wangu wa kwanza hatoki chumbani mwezi wa pili sasa. Huduma ni saa ngapi?" Kisha mama mwingine. Kisha wa tatu, akiuliza kama lazima mzazi aje.

Na chini ya yote, mstari mdogo wa kijivu: mwenyekiti ametoka kwenye kundi.

Nilicheka. Nilicheka vibaya, mpaka sista akachungulia. Mimi nilitaka kumpiga mama yule kwa video, kumbe fimbo yake ilikuwa mwanawe mwenyewe, anayeandika kwa herufi safi nyumbani kwake.

Jioni mwalimu mkuu akapiga.

"Madam, wazazi wametafakari upya..."

"Na wewe, Mwalimu, umetafakari?"

Akakohoa kwenye simu.

"Nitarudi," nikamwambia. "Ila Jumatano mchana ni yangu. Iandikwe kwenye mkataba, na sababu iandikwe. Afya."

Imeandikwa. Ninayo kabatini.

Haya, mliosoma mpaka hapa. Binti amesoma hii kabla yenu, kanisahihisha sehemu mbili, na namba kumi na nne si namba yake ya kweli. Ukiona mtu kwenye benchi la kliniki, usifikirie unajua anachofanya pale. Pengine yeye ndiye sababu ya mwingine kutokukimbia. Na wewe uliyeshika simu ukitaka kulipiza, kama nilivyoshika mimi, angalia picha yote kabla hujabonyeza. Angalia na aliyesimama pembeni.

Na wewe, Mama Kipaza. Najua unasoma, maana umbea hujauacha.

Sijakusamehe. Nisiwadanganye watu hapa.

Lakini mwanao siku hizi anakuja peke yake, na nafasi ya pembeni yake kwenye benchi iko wazi. Watu wanataka kuikalia, nawakatalia. Nakutunzia wewe.

Jumatano, saa nane mchana. Njoo ukae.

Ila miwani uiache nyumbani.