Mke Mwenza wa Cheongrim

Bakuli la Gang-u lilirudi likiwa limejaa.

Yeonhwa alilikuta mlangoni mwa jiko la kambi, bakuli lilelile la chuma ambalo mumewe alilisahau nje ya uzio jana yake. Ndani yake mlikuwa na uji mweupe, wa moto bado, unaonukia ufuta. Ufuta ulikuwa umekwisha kambini tangu mvua zianze. Yeye ndiye sajini wa jiko, angejua.

Lakini alikuwa na kikosi kizima cha kulisha. Aliumwaga uji, akaosha bakuli, akalijaza wali na kimchi kidogo, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, akaliacha palepale. Kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu, na jirani, alidhani, ni mpishi wa kikosi cha ng'ambo ya mto.

Kesho yake bakuli lilirudi limejaa tena. Naye akalijaza tena.

Gang-u alikuwa koplo wa doria. Kila alipokula nje, kijiko cha kwanza alikirushia miti, kama mama yake alivyomzoesha milimani kwao Korea, ambako kila kilima kina wafu wake na pepo mwenyeji wake. Sayari ya Cheongrim haikuwa na mfu wa mtu yeyote, ila askari waliouawa na msitu. Mizizi iliwakaba usingizini, miiba ilitoboa deraya.

"Unamlisha nani, Baba Seori?" Deoksun wa redio alimtania, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Miti ya huku kimchi inaijulia wapi?"

"Itazoea," Gang-u akajibu. "Mimi mwenyewe nilizoea mapishi ya mke wangu."

Kikosi kikacheka. Yeonhwa akampiga na mwiko.

Kisha Gang-u akaacha kula jikoni kwa mkewe. Akirudi doria husema, "Nimeshiba," na kweli midomo inang'aa mafuta. Wenzake walikonda, yeye mashavu yalijaa. Msituni mizizi ilimpisha njia, na Kapteni Maeng akafurahi, akamtanguliza kila siku mbele ya doria. Yeonhwa hakufurahi. Mwanamume anayerudi ameshiba, ameshibishwa na mtu. Alijiuliza ni nani, na jibu likawa Luteni Noh, daktari, mwenye birika lake mwenyewe na rangi ya mdomo hata vitani.

Alimfuata zahanati.

"Afande, mume wangu anakula kwako?"

Daktari aligeuka. Shavu lake lilikuwa limechanwa kuanzia sikioni hadi kidevuni.

"Kwangu? Mama Seori, nilimfunga bendeji tu. Nilimshika bega, mwiba ukanipitia hapa." Akashusha sauti. "Dirisha lilikuwa limefungwa. Mchukue mumeo. Simtaki hata nikipewa na cheo."

Siku hiyo mchana Yeonhwa alichukua bunduki akamfuata Gang-u nje ya uzio. Hakwenda mbali. Alisikia kwanza mtu akiimba kwa kuguna, kama mama anayebembeleza mtoto, halafu ikaja harufu ya ufuta uliokaangwa, na chini yake harufu nyingine, ya tambara bichi lililosahaulika ndooni, na alipousogeza unyasi alimwona mumewe amekaa chini ya mti, macho amefumba na mdomo ameachama, na mzizi mweupe, mwembamba kama kifundo cha mkono wa mwanamke, ukimtilia uji mdomoni polepole, ukimfuta kidevu, ukimtilia tena, na majani yote ya mti ule, pasipo upepo wowote, yakageuka kwa pamoja kumtazama Yeonhwa.

"Usisogee, Mama Seori," Gang-u alinong'ona bila kufumbua macho. "Hapendi."

"Nani hapendi?"

"Mwenyeji."

Aliporudi kambini, Deoksun alimsikiliza mpaka mwisho. Bibi yake Deoksun alikuwa mganga wa njuga na ngoma, na mjukuu alikuwa ameona mengi kabla ya kuja kukaa na redio.

"Si mti, dada. Ni jini, na lina wivu. Baba Seori alilitupia tonge tu, kama kumpa mpita njia. Wewe ndiye unayelijazia bakuli. Kila ukijaza bakuli unaliambia jini tuendelee."

Yeonhwa akaketi. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpikia mke mwenzake, kwa mikono yake.

"Nifanyeje?"

"Rudisha bakuli tupu. Usilioshe hata."

"Hilo ni tusi."

"Ndiyo. Mtukane. Ila Kapteni atakuweka ndani, huyo mumeo ndiye ngao yake."

"Aniweke. Sikuzaa na Kapteni. Seori yuko kwa bibi yake anamsubiri baba, hasubiri mbolea ya miti."

Gang-u aliporudi, wawili hao walimfunga kitandani kwa mikanda. Yeonhwa akalibeba bakuli, na uji umegandia pembeni, akalifudikiza nje ya uzio.

"Shoga," akasema, "chakula chako nimekimwaga. Huyu soksi zake nafua mimi, na matusi ya mama yake nimeyala mimi. Tusijuane."

Wadudu wote wakanyamaza. Kisha msitu ukalia, kilio cha mwanamke aliyefukuzwa mchana mbele ya majirani, na miiba ikaanza kunyesha juu ya mabati, na mizizi ikapanda uzio na kuukunja kama waya wa kuanikia nguo, na ndani Gang-u akajinyonganyonga kwenye mikanda akiita jina ambalo halikuwa la mtu, huku Deoksun akipiga mfuniko wa sufuria na kuimba maneno ya bibi yake, mpaka Gang-u akatapika uji wa kijani wenye vinyuzi vya mizizi kama nywele za kichanuoni, na kila kitu kikatulia, ikabaki mvua tu juu ya mabati.

"Nina njaa," akasema.

Yeonhwa alimfungua mwenyewe. Akapakua wali. Aliujaza vizuri.

Gang-u alikuwa amesimama dirishani.

"Mama Seori," akasema kwa upole, "mbona uko nje na mvua yote hii?"

Yeonhwa alikuwa nyuma yake, ameshika sahani. Akachungulia juu ya bega lake.

Ng'ambo ya uzio alisimama yeye mwenyewe, Yeonhwa. Magwanda yake, nywele zake, ile namna yake ya kuegemea mguu mmoja. Ila yule wa nje alikuwa amelala vya kutosha. Hakuwa na weusi chini ya macho wala mikunjo ya moshi wa jiko, na alikuwa akitabasamu bila haraka, kama mtu ambaye hana vyombo vinavyomngoja.

Mfuniko ulimponyoka Deoksun.

"Kaa ule," Yeonhwa akasema. "Wali unapoa."

Gang-u alikaa. Alikula kwa adabu mpaka punje ya mwisho, uso ameuelekeza dirishani.