Toleo Jipya Mlangoni mwa Bwalo

Kila asubuhi, akifika tu shuleni na kuvaa ndara za ndani, Da-on hupita bwaloni kutazama skrini ya mlangoni. Skrini huonyesha chakula cha siku na namba za mzio: moja ni mayai, tisa ni kamba, na kadhalika. Mtoto mwenye mzio huijua namba yake kama jina lake. Programu ya skrini hiyo imeandikwa na chama cha kompyuta cha shule, na Da-on ndiye hodari wao. Kiherehere pia anacho, tena si haba.

Jana alimaliza toleo jipya, lenye rangi na picha. Mwalimu Pyo, mlezi wa chama, alilisifu. "Lakini skrini ibaki na toleo la zamani," alisema. "Hili inabidi tulijaribu kwanza wiki nzima."

Wiki nzima! Da-on hakuvumilia. Leo asubuhi alifungua kompyuta ya chama na kuiamuru skrini itumie toleo jipya. Wanafunzi walishangilia, naye akavimba kichwa.

Katika kipindi cha hisabati, jirani yake Gyu-bin alimnong'oneza, "Leo raha! Mayai ya kukunja yana namba moja peke yake. Nitaongeza."

"Moja tu? Una hakika?"

"Si programu yako hiyo? Mbona unajitilia shaka?"

Moyo ulimlipuka Da-on. Gyu-bin hali kamba. Akila, koo humvimba. Na toleo jipya hakuwahi kulijaribu kwa chakula chenye namba zaidi ya moja. Alikaa kama aliyekalia miiba. Akisema, atafukuzwa chamani. Asiposema? Aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akakimbilia bwaloni. Kwenye skrini kila chakula kilikuwa na namba moja tu. Nyingine zote zilikuwa zimemezwa.

Kengele ya chakula ikalia. Alipompata Gyu-bin, alikuwa tayari ameinua vijiti vya kulia vyenye yai.

"Weka chini! Lina kamba!"

"Acha choyo, wewe!"

"Kweli! Namba tisa imepotea. Mimi ndiye niliyeipoteza!"

Mama mpishi akaja mbio kutoka jikoni. "Kamba wamo, mwanangu, nimewakata mwenyewe," alisema, akaiondoa sinia ya Gyu-bin.

Mwalimu Pyo alirudisha toleo la zamani. Namba tisa ikatokea, kavu, bila picha wala rangi. Da-on alilia kwa aibu.

"Hili la zamani halipendezi," mwalimu alisema, "lakini tulijua linasema kweli. La kwako hukulijua, ukaliweka mbele ya watu wenye njaa. Umefanya vizuri kukiri kabla mwenzako hajameza. Rudi ukalirekebishe, kisha tutalijaribu."

"Likiwa tayari, nitaliweka mimi tena?"

"Hapana," alisema mwalimu. "Atakayesema 'sasa liwekwe' ni Gyu-bin."