Anayepumua Nyuma ya Simu

Nguzo alibana pumzi ili apige picha, na mtu mwingine mle ndani akaendelea kupumua.

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa mchana, kwenye ghala la fundi viatu lenye taa moja hafifu, naye alikuwa akipiga picha za kutangaza viatu. "Uzee huo," akajicheka, na hata arobaini hajafika.

Jina la Nguzo alipewa na wateja. Wapiga picha wengine wakipiga kwenye giza wanatoa ukungu mtupu. Yeye huegemea ukuta, akabana viwiko mbavuni, akashika simu kwa mikono miwili, akazuia pumzi na kubonyeza kitufe cha pembeni bila kugusa kioo. Simu ikimwambia asubiri sekunde tatu, anaganda. Picha inatoka safi mpaka unahesabu nyuzi.

Siku ile viatu vilitoka ukungu. Kilichotoka safi ni mkono wa mtu mzima, umenyooshwa kutoka pembeni, mishipa yote inaonekana. Ghala zima likanuka dawa ya kuchua. Nguzo aliujua mkono ule, ndiyo maana aliifuta picha upesi.

Mwezi mmoja nyuma, mama yake alikuwa kitandani, kifua kimepakwa dawa ya kuchua, pazia limefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Nguzo alitaka picha yake moja nzuri. Mama akakohoa, akanyoosha mkono ainuliwe. "Tulia kidogo, mama," Nguzo akasema, "usitikisike." Mama wa watu akashusha mkono, akatulia. Picha ilitoka safi. Mama hakupumua tena. Dada yake mkubwa alipoingia, Nguzo alimwambia mama amekwenda akiwa usingizini, na dada akaitundika picha ile sebuleni. "Mnaona alivyotulia?" huwaambia wageni.

Baada ya ghala, pumzi ile ilimfuata kila penye mwanga hafifu, ngazini, stoo, hata bafuni taa ikiungua, pumzi nzito ya mtu mwenye makohozi, ikisogea kila alipobana ya kwake, mpaka akawa anaisikia shingoni na harufu ya dawa ikimkaba koo, naye hathubutu kugeuka kwa kuogopa atakayemwona na kwa aibu ya kutazamwa naye.

Akaenda kwa mganga, mama mmoja mwenye haraka zake, aliyemsikiliza huku akimenya viazi.

"Huyo si mama yako," mganga alisema. "Ni jini, amevaa mkono wake tu. Anakaa kwa mtu mwenye jambo la kuficha. Nani hajaambiwa?"

"Dada yangu."

"Basi unanipotezea muda mimi kwa nini?"

Dada alikuwa sebuleni, anakunja nguo chini ya picha. Nguzo alikaa, akasema yote kwa sauti ya chini: kikohozi, mkono, tulia kidogo. Alilia kama mtoto. Alipomaliza, pumzi ya shingoni ikakatika, harufu ikaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ghala akavuta hewa yake mwenyewe. Kifua kilikuwa chepesi mpaka akaona haya.

Dada aliweka chini shuka aliyokuwa akikunja.

"Nilimsikia akikohoa," akanong'ona. "Nilikuwa mlangoni."

"Hukuingia?"

"Nilikuwa nimechoka, mdogo wangu. Nikasema moyoni, leo ainuliwe na wewe." Akashika kifua. "Sijamwambia mtu. Hata mume wangu. Na wewe usimwambie, tafadhali."

"Sitamwambia," Nguzo akasema.

Dada akainua uso taratibu, akatazama nyuma ya kiti chake, ambako palikuwa na ukuta tu. Akasogea karibu na mdogo wake, mkono wake wa baridi ukimkamata kiganja.

"Nani anahema hivyo?" aliuliza.

Nguzo alisikiliza. Hakusikia kitu, na, Mungu amsamehe, alifurahi.

"Ni uchovu tu, dada," akamwambia.