Swali la Saba

Kila Kidoti alipotoka shule, alikuta meza ya chakula imegawanywa katikati kwa uzi mwekundu. Upande wa dirishani ulikuwa wa sahani na vikombe. Upande wa ukutani ulikuwa wa mama na kompyuta yake. Baba aliruhusiwa kuvuka uzi mradi asiwe na chai mkononi. Kidoti aliruhusiwa kupeleka karatasi, lakini si kugusa vitufe. Mdogo wake wa miaka mitano, Bonge, ambaye vidole vyake vilinata saa zote, hakuruhusiwa kabisa.

"Kwani mimi niwe nani ndiyo nivuke?" Bonge aliuliza kila siku.

"Uwe mtu aliyenawa mikono," mama alimjibu.

Mama alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta. Mwezi ule alikuwa akitengeneza programu ya kituo cha afya cha mtaani kwao. Humo kila mfanyakazi alipewa nafasi yake na ruhusa zake: karani aandikishe wagonjwa, muuguzi aandike dozi ya dawa, mfamasia aihakiki kabla haijatolewa. Kanuni moja mama aliipigia mstari mara mbili: dozi ya mgonjwa lazima ionwe na watu wawili.

"Si uijaribu tu uone kama inafanya kazi?" Kidoti alimuuliza.

"Nikijaribu mara mia, nitakuwa nimejua hizo mia tu, mwanangu. Naandika kanuni zote waziwazi, halafu programu nyingine, kikaguzi, inapita kila njia inayowezekana, hata zile nisizoziwaza. Ila kikaguzi kinaamini kila ninachokiambia. Nikikiambia uongo, kitanijibu kwa uongo huohuo."

Ili ajue cha kukiambia, mama aliandika maswali saba ya kumuuliza mfamasia. Kidoti ndiye aliyetumwa, kwa kuwa kituo kilikuwa njiani anapotoka shule.

Mfamasia alikuwa mzee mpole aliyejibu kila swali kwa hadithi. Swali la kwanza lilimfikisha kwenye harusi yake. La nne lilimkumbusha baiskeli iliyoibiwa. Walipomaliza la sita, rafiki zake Kidoti walikuwa getini wakimwita, mpira ukidunda. Swali la saba lilisema: "Je, kuna siku mtu mmoja hushika nafasi mbili?"

"Nani atashika mbili?" Kidoti alijisemea. Akaandika "Hapana" kwa mkono wake mwenyewe, akamshukuru mzee, akatoka mbio.

Ijumaa kikaguzi kilimaliza kazi. Hakikupata njia hata moja yenye kosa. Mama alimnyanyua Bonge wakacheza jikoni mpaka sufuria ikaanguka. Programu ingeanza kutumika Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Bonge aliamka akikohoa, baba akampeleka kituoni pamoja na Kidoti. Muuguzi, mama mnene mwenye maneno mengi, alimsikiliza Bonge kifua, akaandika dozi kwenye karatasi. Kisha akainuka, akazunguka, akaingia mlango wa pili, na mara akatokea kwenye dirisha la dawa.

"Sista, mfamasia yuko wapi?" Kidoti aliuliza.

"Jumamosi naye si hupumzika? Leo muuguzi mimi, mfamasia mimi. Wagonjwa wakipungua, nitalala kitandani niugue mimi!"

Baba alivunjika mbavu kwa kicheko. Kidoti hakucheka. Alilikumbuka swali la saba.

Njia nzima alibishana na nafsi yake. Nani angejua? Mama alikuwa na furaha sana, angemwambiaje? Lakini kila alipomtazama Bonge amekumbatia chupa yake ya dawa, uso ulimwaka. Alimpenda mno yule mtoto, pamoja na vidole vyake. Walipofika nyumbani, alipiga moyo konde, akasimama mbele ya uzi.

"Mama, lile swali la saba sikuliuliza. Nilijijibia mwenyewe." Machozi yakamtoka.

Mama aliondoa mikono kwenye vitufe. "Nimeumia," alisema. "Vuka, uje ukae hapa."

Alibadilisha lile jibu, akakiamsha kikaguzi. Haikupita dakika, mstari mwekundu ukatokea: muuguzi anaandika dozi, muuguzi yuleyule anaihakiki. Nafasi mbili, mtu mmoja. Mama alishika kichwa, kisha akampigia simu mkuu wa kituo. "Naomba mpaka Alhamisi," alisema. "Kuna kosa, limetoka mezani kwangu." Hakumtaja Kidoti, na hilo lilimuuma Kidoti kuliko kukaripiwa.

Jumatatu alirudi kwa mfamasia, akaomba radhi, akauliza swali la saba. Alisikiliza hadithi ya mjomba wa mzee na mbuzi wake mpaka mwisho, bila kutazama getini. Mama alirekebisha programu ili itazame mtu mwenyewe, si nafasi yake tu. Alhamisi ikaanza kazi.

Jumamosi iliyofuata Bonge alirudishwa kuangaliwa, safari hii na mama na Kidoti. Muuguzi aliandika dozi, akazunguka, akakaa dirishani, akabonyeza kuihakiki. Kompyuta ikakataa: "Dozi hii inahitaji mtu mwingine."

"Jamani, inanikatalia mimi!" muuguzi alilalamika. Akamwita daktari wa zamu shingo upande.

Daktari aliinama kusoma. "Vijiko viwili? Sista, hiki ni kipimo cha mtoto wa miaka kumi."

Muuguzi alijiziba mdomo, akamtazama Bonge. "Nisamehe, baba," alimwambia kwa sauti ndogo. "Watu wamejaa tangu asubuhi, macho yamechoka."

Daktari aliandika kijiko kimoja. Kidoti alimshika mdogo wake mkono, hakuuachia mpaka nje.

Kwenye ngazi mama alichuchumaa mbele ya Kidoti. "Kikaguzi hakikuweza kuliona lile kosa, na mimi sikuliona. Uliliona wewe, ukasema, ingawa ulijua nitaumia. Usiandike tena jambo ambalo hukuuliza, mwanangu. Na ukikosea, njoo uniambie kama ulivyokuja, maana kosa lililosemwa tunaweza kulirekebisha."

"Nitakuja, mama," Kidoti alisema.

Jioni ile Bonge alikunywa kijiko chake kimoja, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, akaja kusimama mbele ya uzi. Mama alimtazama Kidoti. "Mkaguzi, unasemaje?"

Kidoti aligeuza vile viganja, akakagua kidole kimoja kimoja, vyote kumi. "Vuka," alisema.